Samaki wa Kibanio Chekundu

Wanangu mlioanza kumimina chambo pale karakana ya Jeppestown, Bwana Manny mwenye karakana ameniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nimemjibu kwamba mimi sisahau kitu, ni miguu tu imechoka kusimama. Basi nimekaa zangu hapa Randburg kwa binti yangu Nomsa, kwenye kibaraza cha ghorofa ya pili, nina daftari na chupa ya chai, nawaandikia kwa Kiswahili. Najua wengine mmezaliwa hapa hapa Joburg na mnajifanya hamkijui. Mnakijua sana. Mama zenu wakiwasema mnanuna kabla hawajamaliza sentensi.

Nianze na harufu, maana ndiyo itakayowasumbua kwanza. Kazi yetu ni kutengeneza nyungunyungu wa mpira. Plastiki inakuja ikiwa maji mazito kama uji, unaipasha moto, unatia rangi, chumvi na vimetameta, unaimimina kwenye kalibu, na ikipoa unamtoa mnyoo laini mwenye mkia. Wavuvi wa besi wanamvika ndoano. Besi, kwa wale mliokuja juzi, ni samaki wa kijani mwenye mdomo unaoweza kuingia ngumi, na hasira za mpangaji aliyekatiwa umeme. Anaishi kwenye mabwawa ya huku, Hartbeespoort, Bronkhorstspruit na mengine, na watu wazima wenye akili zao wanaamka alfajiri kumfuata kwa boti zenye injini kubwa kuliko ya gari letu.

Huyo besi anapenda kitunguu saumu. Msiniulize amekionja wapi. Kwa hiyo kila mnyoo tulimpaka mafuta ya kitunguu saumu, na nikifika nyumbani paka watatu wa jirani walikuwa wananisindikiza mpaka mlangoni. Marehemu mume wangu Themba, ambaye alinioa Morogoro akiwa mkimbizi wa siasa na kunileta kwao mambo yalipotulia, alikuwa akinusa ukumbini anauliza, "Leo pilau?" Nikimwambia hapana, ni mikono yangu, alisikitika kweli kweli.

Nawaambieni la maana: maji yasisogelee plastiki ya moto hata tone moja. Mimi siku yangu ya tatu, mwaka 2008, niliosha kalibu nikaifuta kwa haraka, nikamimina. Ikaruka. Kipande kikaenda kutua kwenye kipara cha Bwana Manny, Mreno wa watu, aliyekuwa anaongea na mteja kwenye simu. Alimalizia mazungumzo kwa adabu, akaweka simu, ndipo akapiga ukelele. Tangu siku hiyo anavaa kofia ndani ya nyumba, sasa mmejua sababu.

Na mabeseni. Mmeshaonyeshwa: beseni jekundu ni la chambo bora, la kijani ni la wastani, la buluu ni la vilivyoharibika vya kuyeyusha upya. Bwana Manny aliupanga utaratibu huo zamani na hautabadilika. Ukifanya kazi miaka kadhaa, mkono wenyewe unajua bila kukuuliza: kilicho bora, nyekundu. Mlishike hilo, litanitia aibu huko mbele.

Sasa, mimi nilimimina minyoo mwaka mzima bila kuona samaki hata mmoja. Nilikuwa kama mpishi asiyekula. Asubuhi moja akaingia mama wa Kikaburu, mrefu, uso umeungua jua, suruali yenye mifuko kumi na mbili, akamwaga mezani pakiti nzima ya minyoo yetu.

"Mikia haitikisiki," akasema. "Nani amemimina hawa?"

Bwana Manny, shujaa wetu, akanionyeshea kidole.

Huyo ndiye Rina. Alikuwa msimamizi wa ghala huko Midrand, mjane, na siku zake za mapumziko zote alizimalizia bwawani na chama cha wanawake wavuvi wa besi. Alinitazama kuanzia kilemba mpaka ndala. Tuliongea Kiingereza, chake kikipita njia ya Kiafrikana na changu kikipita Morogoro, nami nawaandikia kwa lugha ya binadamu.

"Umewahi kumwona huyu mnyoo wako akiwa majini?"

"Kwenye pipa la majaribio."

"Samaki hakai kwenye pipa. Jumamosi nitakupitia."

Nilidhani ananitisha. Jumamosi saa kumi na moja alfajiri akapiga honi nje, amevuta boti kwenye trela. Themba akachungulia dirishani, akasema, "Mke wangu anatoroshwa na baharia." Akarudi kulala.

Siku hiyo nilifanya makosa mengi ambayo siwezi kuyamaliza. Sijui kuogelea, kwa hiyo nilivaa majaketi mawili ya kujiokoa, moja juu ya jingine, nikawa siwezi kukunja mikono. Rina alipowasha injini, kilemba changu kiliruka. Akageuza boti, akakiopoa kwa fimbo ya kuvulia, akakikamua na kunirudishia. Kisha akanifundisha kutupa mshipi. Nilirudisha fimbo nyuma kama alivyoniambia, nikaivurumisha mbele kwa nguvu zangu zote, na chupa yake ya kahawa ikapita juu ya vichwa vyetu ikiwa imeshikwa na ndoano yangu, ikatua majini mbali kabisa.

"Umbali mzuri," alisema Rina.

Ndipo nilipompenda. Nilicheka mpaka jaketi la juu likafunguka.

Lakini nilimwona mnyoo wangu. Rina alinionyesha inavyofanywa, unamwacha anazama taratibu, unatikisa ncha ya fimbo kidogo tu, kisha unanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi yenyewe. Wangu alishuka mkia umekakamaa kama msumari. Nilirudi karakana Jumatatu nikapunguza joto na kupunguza chumvi kwenye mkia, na nyinyi mpaka leo mnatumia vipimo vyangu. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwenda bwawani ni kupoteza muda, mwambieni aje kwangu.

Baada ya hapo Rina akaniandikisha kwenye mashindano ya wanawake nikiwa mwenzake wa boti. Kanuni zenyewe nitawaambia kwa kifupi. Boti moja, watu wawili, samaki watano. Wanakaa hai kwenye tangi la maji ndani ya boti, lina pampu na mfuniko. Jioni wanapimwa uzito, kisha wote wanarudishwa bwawani. Akifa, unakatwa uzito. Ukimpata wa sita, lazima umtoe mmoja papo hapo kabla hujatupa tena mshipi, na bila shaka unamtoa mdogo kuliko wote.

Nilimweleza haya Espérance, akaacha kukoroga. Espérance ni Mrundi, alikulia Rumonge kando ya Ziwa Tanganyika, alikuwa anasuka nywele kando ya barabara hapo Jeppestown kabla sijamtafutia nafasi karakana. Samaki anamjua kwa kumla.

"Ngoja, Mama Nomsa. Munamukamata?"

"Ndiyo."

"Munamupima. Kisha munamurudisha mu maji?"

"Ndiyo."

"Alors, uyo si samaki. Uyo ni mugonjwa wa kiliniki."

Hata hivyo nilimpeleka. Huko akakutana na Thandi, dereva wa lori kutoka Vosloorus mwenye boti ya kurithi kwa baba yake, ambaye mwenzake alikuwa amejifungua. Wakachukuana. Espérance alimshika besi wake wa kwanza, akamtazama, akamtazama Thandi, akauliza kwa upole kama hawezi kubaki na huyu mmoja tu, mdogo, wa mchuzi.

Chama chetu kilikuwa na desturi moja. Boti inayorudi bila samaki ndiyo inayowapikia wengine wote chai pale ufukweni. Mimi na Rina mwaka wa kwanza tulirudi mikono mitupu karibu kila mara, kwa sababu yangu, na nikapika. Nilipika ninavyojua, maziwa mengi, tangawizi, iliki, mdalasini. Baada ya miezi michache nikagundua kwamba wale mama wanatuulizia asubuhi kama tumepata kitu, na tukisema hapana wanafurahi. Mmoja alikiri kwamba alipiga makasia karibu na sehemu yetu makusudi kutisha samaki. Rina alikasirika mpaka alipoonja kikombe cha pili.

Mwaka 2010, nchi nzima ikiwa na wazimu wa mpira, Espérance alikuja bwawani na vuvuzela. Aliniahidi ni pambo tu. Saa tatu asubuhi Thandi akavua samaki mzuri, na Espérance akapuliza. Ndege wote wa Hartbeespoort waliondoka. Boti kumi na nne zilisimama, na kutoka kila boti ikatoka lugha yake: Kizulu, Kiafrikana, Kisotho, Kireno cha mke wa Bwana Manny. Matusi yote yale yalielekezwa kwa mtu mmoja aliyekuwa anacheka amelala kifudifudi sakafuni mwa boti. Jioni alitakiwa kuomba msamaha mbele ya wote. Akasimama, akainama kwa heshima, akapuliza tena.

Hao ndio rafiki zangu, wanangu. Nilikuja nchi hii sina hata shoga wa kumwazima chumvi, nikawapata kwenye magugu maji nikiwa na zaidi ya miaka arobaini na tano.

Dagaa nao msiwasahau. Wao ndio walioinua karakana yetu. Espérance alikuwa hakubaliani kabisa na kitunguu saumu. Alisema samaki wa wapi huyo, mpishi? Samaki anakula samaki. Akaenda Yeoville kwa Wakongo, akanunua ndagala wakavu, ndio dagaa kwa lugha ya kwao, akawatwanga, na tulipokuwa peke yetu tukachanganya unga wao kwenye plastiki ya moto. Bwana Manny aliingia, akasimama mlangoni, akatoka. Tulimsikia barabarani akiongea na Mungu. Lakini wale minyoo wa dagaa, tulipowajaribu bwawani, besi aliwang'ang'ania hata akiwa ameshiba au amenuna. Kwa kawaida akikitafuna kitu cha mpira anakitema upesi. Hawa aliwashikilia kama mtoto na pipi. Tukaanza kuwatengeneza kwa siri, sanduku moja la kwetu na sanduku moja la Espérance, mpaka wateja wenyewe walipoanza kuwaulizia.

Sasa nifike kwenye kisa chenyewe, maana najua Bwana Manny atasoma na atasema nimekwepa.

Kila mwaka jimbo linachagua timu yake ya wanawake. Boti tatu zinazofanya vizuri kwenye mashindano ya mchujo ndizo zinazochaguliwa, ukiwa mkazi na karatasi zako ziko sawa, na mnapewa koti. Koti la kijani lenye nembo kifuani. Mimi koti hilo sikulitamani, nina koti. Rina alilitaka kama mtu anavyotaka maji. Alikuwa ameshika nafasi ya nne miaka mitatu, na mara moja kati ya hizo alikosa nafasi kwa sababu samaki wake mmoja alifia njiani. Alikuwa hasemi. Ila nyumbani kwake Midrand niliona kwenye kabati la chumbani ametenga nafasi, hengeri moja tupu, nguo zote zimesukumwa kando.

Na mwaka 2013 bega lake la kulia lilikuwa limekwisha. Miaka thelathini ya kutupa mshipi, mara elfu kwa siku. Daktari alimwambia baada ya mchujo lazima apasuliwe, na baada ya hapo asitegemee kutupa tena kwa mkono huo. Aliniambia haya ndani ya gari tukiwa tumesimama kwenye robot, zile taa za barabarani, akiangalia mbele. Zuu ndilo jina aliloniita yeye.

"Kwa hiyo ni hii, Zuu. Baada ya hii hakuna."

Nikamwambia tutalipata. Nilisema kwa moyo wangu wote.

Mchujo ulikuwa Bronkhorstspruit. Na siku ile, wanangu, samaki walikuwa kama wametumiwa mwaliko. Kufika saa tano tulikuwa na watano tangini. Rina alikuwa ananong'ona "ja, ja, ja", ndiyo ya Kiafrikana, peke yake. Wa tano alikuwa dubwana, tumbo kama kibuyu. Nilimwona Rina akimshika mdomo wa chini kwa mikono yote miwili huku machozi yanamlengalenga, nami nikaanza kuimba wimbo wa harusi.

Sikilizeni sasa habari ya vibanio. Ili ujue haraka yupi wa kutoa, kila samaki anabanwa kibanio cha rangi kwenye mdomo, hakimuumizi. Kwenye boti yetu, kibanio chekundu ni cha mdogo kuliko wote, yaani wa kwanza kutoka. Hivyo ndivyo Rina alivyozoea, na siku zote yeye ndiye aliyevibana. Lakini siku ile bega lilikuwa linamuuma, akaniambia nibane mimi. Nikabana. Mkono wangu, mkono wa miaka mitano ya mabeseni, ulimchukua yule dubwana, kilicho bora, ukamwekea nyekundu. Sikufikiri hata kidogo. Nilikuwa bado naimba.

Dakika kumi baadaye Rina akapata wa sita, mzuri wa wastani. Alikuwa amenipa mgongo, anahangaika kumtoa ndoano.

"Nyekundu nje," akasema.

Nikafunua mfuniko, nikashika nyekundu, nikamtoa nje. Nilimweka majini kwa heshima kabisa, na kibanio chake mdomoni kwa sababu ya haraka. Akapiga mkia mara moja akanirushia maji usoni. Ni pale maji yaliponigonga ndipo nilipomtambua. Alizama taratibu, mkubwa kama mto wa kulalia, na kile kibanio chekundu kikapotea chini ya gati la jirani.

Nikatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, nikashika maji matupu.

"Kibanio chekundu kiko wapi?" aliuliza Rina baadaye kidogo, akitaka kumbana yule wa sita.

"Kimeanguka majini," nikasema.

Na si uongo, kilianguka. Kilikuwa na samaki tu.

"Hm," alisema Rina.

Basi nikafunga mfuniko wa tangi nikaukalia. Nawaambia ukweli, niliukalia mfuniko ule saa nne nzima. Rina akisogea nyuma kutafuta chambo, mimi nampa chambo. Akitaka kuangalia pampu, mimi naangalia pampu, nachungulia kwa upana wa vidole viwili, nasema samaki wazima, wote wazima, wanakusalimu. Nilivua nikiwa nimekaa. Nilikula mkate nikiwa nimekaa. Nilikuwa naomba Mungu alete dubwana jingine kabla ya saa tisa, na Mungu siku hiyo alikuwa na shughuli zake. Kila mara nilipofungua mdomo nimwambie, nilimwona anavyolikanda lile bega, nikaufunga.

Boti ya Thandi ilikuwa ng'ambo ya ghuba ile ile. Adhuhuri nikamsikia Espérance akipiga vigelegele kutoka upande wa lile gati. Mimi nilikuwa nimeishiwa furaha, nikampungia mkono.

Saa tisa ikafika. Tukarudi ufukweni, tukawahamishia samaki kwenye mfuko wa maji, mimi ndiye niliyeshika mfuko ili Rina asione, na tukapanga foleni ya mizani. Mbele yetu walikuwa Thandi na Espérance. Ubao ulikuwa umeshajaza nafasi mbili za kwanza, boti za mbele sana. Ya tatu ilikuwa ama yao ama yetu. Espérance akageuka, anang'aa uso mzima.

"Mama Nomsa, angalia wangu. Nimemukuta chini ya gati na ndagala yetu. Alikuwa amenuna kabisa, lakini ndagala, voilà, akashindwa kukataa."

Akafungua mdomo wa mfuko. Yule pale. Dubwana. Na kwenye mdomo wake wa chini, pembeni kidogo mwa tundu la ndoano ya Espérance, kibanio chekundu chenye herufi zetu, R na Z, kwa mwandiko wa Rina.

"Alikuja na hereni yake," alisema Espérance. Kisha akaona herufi. Kisha akaniona mimi.

Wanangu, nimepitia mengi. Nimehama nchi, nimezika mume. Lakini kugeuka nyuma pale kumtazama Rina kulikuwa kugumu. Niligeuka.

"Rina," nikasema, "yule mkubwa nilimtoa mimi. Nilibana rangi za karakana. Kisha nikakudanganya. Nisamehe dada yangu, nimekunyima koti lako."

Rina alikuwa anatazama juu ya kichwa changu, midomo imebanwa. Nikadhani analia. Mabega yalikuwa yanatikisika, hata lile bovu.

"Nilimwona akiondoka," akasema. "Mkia vile, Zuu, nani asiuone?"

"Ulijua?"

"Saa nne nzima umekalia tangi. Miaka minne ndani ya boti yangu hujawahi kukaa hata dakika tano. Ulikula mkate juu ya mfuniko." Hapo akashindwa, akashika tumbo. "Nilikuwa nakwambia nataka kuangalia pampu ili nikuone unavyoruka."

"Mbona hukusema?"

Akajifuta macho. Kicheko kikaisha, akanitazama vizuri.

"Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe kabla ya mizani. Kabla ya mizani ni kosa. Baada ya mizani ingekuwa kitu kingine, na mimi sikutaka kukupoteza kwa kitu kingine."

Espérance alikuwa ameshaweka mfuko chini. "Mi simuweki ku mizani," akasema. "Uyu ni wenu. Thandi, nimesema vibaya?"

Thandi, ambaye naye hakuwahi kuvaa koti lile, alikuna kichwa, akatazama samaki, akatazama mbingu. "Eish," akasema. "Sharp, sawa. Mtoe."

Mama wa mizani akatuuliza tunachelewesha nini. Tukamweleza. Akasema kanuni ni moja tu, samaki aliyerudi majini ni wa atakayemvua, na akafungua mkono kungoja.

Rina akauinua ule mfuko wa Espérance mwenyewe, kwa mkono wake mzima, akamkabidhi mama wa mizani.

"Mpime," akasema. "Nikilipata kwa kuhurumiwa halitanikaa mwilini."

Akapimwa. Sisi tukapimwa. Walitushinda kwa uzito wa kitunguu kimoja, kitunguu cha kawaida tu cha sokoni. Nafasi ya nne tena. Thandi na Espérance walivishwa makoti palepale, na la Espérance lilimfika magotini, akatembea nalo kama askofu. Rina ndiye aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote, kisha akaenda nyuma ya trela akalia. Nilimfuata. Nikalia naye. Samaki naye walimrudisha bwawani mara ya pili siku hiyo hiyo, na nadhani mpaka leo anawasimulia wenzake na hawamwamini.

Hapo nikajua mambo yamekwisha. Rina atapasuliwa, boti itauzwa, na kama haitauzwa atatafuta mwenzake anayejua rangi. Jumatatu nilikwenda kazini nikamimina minyoo ishirini isiyo na mikia. Espérance hakuthubutu kuvaa koti lake karibu yangu, alilikunja akaliweka chini ya meza.

Saa nne nikasikia sauti ya Rina mlangoni. Nikaingia nyuma ya mapipa. Nilimsikia Bwana Manny, shujaa wetu, akisema mimi sipo. Na nikamsikia Rina akijibu kwamba kutokana na harufu nipo.

Akaja mpaka nyuma ya mapipa, mkono wa kulia umefungwa kitambaa shingoni, akaniwekea kiganjani kitu kwa mkono wa kushoto. Vibanio vitano vipya. Vyote vyeupe. Kwenye kila kimoja ameandika namba kwa kalamu ya wino mzito, moja mpaka tano, na namba zimepinda vibaya, maana ameziandika kwa mkono usiozoea.

"Namba moja ni nani?" akauliza.

"Mkubwa kuliko wote."

"Na anayetoka?"

"Tano."

"Sema tena."

"Tano, Rina. Lakini bega? Daktari alisema—"

"Daktari alisema la kulia. La kushoto hajanitajia." Akageuka kuondoka, kisha akasimama. "Jumamosi, saa kumi na moja. Na uvae majaketi mawili, sijui bado nitatupia wapi."